Manzana au hekta, quintal au kilo: vipimo vya Guatemala bega kwa bega

Mkulima wa Guatemala akikuambia shamba lake lina cuerda kumi, bado hajakuambia kitu. Hakufichi. Kijijini kwake neno hilo linatosha, kama "debe" linavyotosha kwetu bila mtu kuuliza ni debe la lita ngapi. Lakini panda basi, vuka kilima, shuka mji wa pili, na cuerda kumi zinaweza kuwa eneo mara nne ya zile za kwanza. Hakuna aliyedanganya hapo.

Haya nimeyaandika kwa Mswahili anayekwenda huko kwa kilimo, masomo au biashara ya kahawa, na hata kwa aliyekaa nyumbani akifasiri mkataba au ripoti iliyotoka huko. Barabarani Guatemala ni nchi ya kilomita. Joto linasomwa kwa selsiasi, urefu wa mtu kwa mita. Ukiingia sokoni, shambani au kwenye kituo cha mafuta, unakuta libra na quintal za uzito, vara ya urefu, manzana ya eneo na galoni ya mafuta zimekaa vitini kama wenye nyumba. Swali ni kipi cha kutumia wapi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kipimo cha kienyeji ambacho ukubwa wake haubadiliki ukihama kijiji, kikubali na ujifunze kufikiri kwa hicho. Kile chenye jina moja na ukubwa mwingi, usikitaje wala kukipokea bila maelezo. Na palipo na sahihi ya mtu, andika mita na kilo, hata kama mazungumzo yote yalikuwa ya kienyeji.

Vara, mama wa ardhi yote

Kwa Kihispania vara ni fimbo, na kipimo chenyewe kilikuwa fimbo hasa. Hispania ilikuwa nazo chungu nzima: ya Teruel sentimita 76.8, ya Alicante 91.2, ya Burgos 83.59. Mwaka 1568 mfalme Felipe II aliagiza ya Burgos ndiyo ifuatwe katika ufalme wake wa Castilla, na ndiyo iliyotawala Guatemala hadi leo. Guatemala ilijitenga na Hispania mwaka 1821, na Hispania ikapitisha sheria ya mita mwaka 1849. Mtoto alihama na fimbo ya baba mkononi, na baba akaja kuibadilisha yake baadaye.

Kwa hiyo shika namba moja tu: vara ya Guatemala ni mita 0.8359. Honduras huhesabu 0.835, tofauti ya unywele. Argentina ilikuwa na yake ya 0.866, na hapo tofauti si ya unywele tena, kwani ardhi huzidishwa mara mbili, urefu na upana.

Mwanafunzi wa Kihispania atakutana na vara pia mahali asipotegemea. Managua, mji mkuu wa Nicaragua, watu huelekezana kwa kuanzia mahali panapojulikana, kisha kuhesabu mitaa na vara: mitaa miwili kuelekea ziwani, vara hamsini "chini". Ziwani ni kaskazini. Chini ni magharibi, jua linakoshukia, na juu ni mashariki. Tetemeko la mwaka 1972 liliangusha katikati ya mji, na baadhi ya majengo yaliyokuwa yakianzia maelekezo hayakurudi. Watu wakaendelea kuanzia hapohapo, "palipokuwa na" kitu fulani. Mgeni anahesabu vara barabara, ila hajui aanzie wapi.

Manzana au hekta?

Manzana ni mraba wa vara 100 kwa vara 100. Neno hilohilo ni tufaha, na pia ni kitalu cha nyumba kilichozungukwa na barabara pande nne, kwa hiyo usishangae kamusi ya simu ikikuambia mtu ameuza matufaha matatu karibu na mto.

Kwa vara ya Guatemala, manzana ni mita za mraba 6,987. Hiyo ni ekari moja na karibu robo tatu. Njia rahisi ya kuiona ni uwanja wa mpira: wenye mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, ukiukata ukanda mwembamba pembeni umepata manzana. Ukitaka hekta, zidisha manzana kwa 0.7. Unakosea mita 13 za mraba kwa kila manzana, eneo la chumba cha kulala.

Hekta ina faida zake. Vipimo vya mbolea katika vitabu vya kilimo viko kwa hekta, ramani za setilaiti ziko kwa hekta, na mfadhili wako wa Ulaya hajui kipimo kingine. Lakini katika mazungumzo ya shambani ningechagua manzana bila kusita, na sababu yangu si kupenda mambo ya kale. Sensa ya nne ya kilimo ya Guatemala, ya mwaka 2003, ilichapisha maeneo kwa manzana na mavuno kwa quintal. Serikali inapohesabu kwa kipimo cha mkulima, mgeni anayeng'ang'ania hekta anajiongezea kazi. Isitoshe, kibarua anayepalilia anajua manzana moja ni siku ngapi za kazi. Hekta hajui. Ukimtajia hekta, atabadilisha kichwani, na kosa likitokea litatokea kichwani mwake ambako wewe huoni.

Mjini mambo yanageuka. Viwanja vya Jiji la Guatemala hutangazwa kwa bei ya vara ya mraba, wanaiandika v². Hapo mgeni huangukia mtegoni, maana anaona namba ndogo. Kiwanja kinachouzwa dola 100 kwa v² ni dola 143 kwa mita ya mraba. Ukilinganisha kiwanja kilichotangazwa kwa v² na kingine kilichotangazwa kwa mita, cha kwanza kitaonekana nafuu hata kama ni ghali. Kabla ya kulinganisha gawa bei ya v² kwa 0.7, ndipo uanze kubishana.

Cuerda: usiiguse bila vara zake

Cuerda ni kamba. Wapimaji walikuwa na kamba, na kila mji ulikuwa na kamba yake. Ndiyo hadithi nzima. Guatemala leo kuna cuerda za namna hizi, zote halali, zote zinaitwa jina moja:

| Kamba (vara kwa vara) | Mita za mraba | Ngapi kwenye manzana moja |
|---|---|---|
| 20 × 20 | 279 | 25 |
| 25 × 25 | 437 | 16 |
| 30 × 30 | 629 | 11 na kidogo |
| 40 × 40 | 1,118 | 6 na robo |
| 50 × 50 | 1,747 | 4 |

Ukiitazama safu ya mwisho utaona kwa nini 20, 25 na 50 zinapendeza wenye shamba: zinaigawa manzana bila masalio. Ya 40 inaacha robo, na robo za ardhi ndizo zinazopeleka ndugu mahakamani.

Ya 30 ina pacha wake ng'ambo ya bahari. Jamhuri ya Dominika hupima ardhi kwa tarea, na tarea ni vara 900 za mraba, yaani 30 kwa 30, mita za mraba 629 vilevile. Lakini ukifika Guatemala na neno tarea kichwani, mwenye kuni atakuonyesha rundo la kuni zilizopangwa, kwani huko tarea ni kipimo cha kuni. Na ukienda Puerto Rico na neno cuerda, utakuta ni mita za mraba 3,930, karibu ekari nzima. Kati ya cuerda ndogo ya Guatemala na ya Puerto Rico kuna tofauti ya mara kumi na nne.

Kwa hiyo kati ya cuerda na manzana, chagua manzana kila inapowezekana. Isipowezekana, na nyanda za juu mara nyingi haiwezekani kwa kuwa mashamba ya huko ni madogo na mtu ana cuerda sita tu tangu babu yake, uliza swali moja: "¿De cuántas varas es la cuerda aquí?", cuerda ya hapa ni ya vara ngapi? Hakuna atakayekuona mshamba. Majirani wa vijiji viwili huulizana hivyohivyo.

Caballería: ya kusoma, si ya kusema

Hii ni ardhi aliyopewa askari wa farasi baada ya vita vya kuteka nchi. Wa miguu alipewa peonía, iliyo ndogo zaidi. Guatemala caballería moja ni manzana 64 na zaidi ya nusu, hekta 45.1. Cuba ni hekta 13.42. Puerto Rico ni cuerda 200, hekta 78.6. Farasi walikuwa wale wale.

Shambani huihitaji, isipokuwa unanunua kitu ambacho singekushauri ununue. Unaihitaji ukisoma historia, na hapo ukikosea unaharibu kila kitu. Amri Namba 900 ya mwaka 1952, ile ya mageuzi ya ardhi ya rais Jacobo Árbenz, haikugusa mashamba yasiyofika caballería mbili. Hiyo ni hekta 90. Mfasiri akichukua namba ya Cuba, shamba hilo linapungua hadi hekta 27, na msomaji anadhani Árbenz aliwafuata wakulima wadogo. Na kinyume chake: sheria ya kwanza ya ardhi ya Cuba, ya Mei 1959, iliweka kikomo cha caballería 30, yaani hekta 402. Ukiipima kwa farasi wa Guatemala inakuwa hekta 1,350, na mapinduzi yanaonekana ya upole ambao hayakuwa nao. Nikiona caballería kwenye maandishi, sitafuti maana yake mpaka nijue nchi.

Quintal au kilo? Hapa kaa kidogo

Quintal ni libra mia moja, hufupishwa qq. Ndicho kipimo kinachoendesha kahawa, mahindi, maharage, iliki na karibu kila kitu kinachoingia kwenye gunia. Robo yake ni arroba, libra 25, na alama yake ni @, hiyohiyo unayoibonyeza ukiandika anwani ya barua pepe. Wahispania na Waguatemala mpaka leo huiita arroba wakitaja anwani zao.

Na hapa Mswahili anayo haki ya kutabasamu. Arroba ni Kiarabu, ar-rubʿ, robo. Ni robo yetu ileile ya robo saa na robo kilo. Quintal ni qintar, ndugu wa kantari yetu. Hispania ilikuwa na azumbre, kipimo cha vinywaji, kilichotoka kwenye neno la sehemu ya nane, na sehemu ya nane hiyohiyo kwetu ni thumuni. Walikuwa na arrelde, kipimo cha nyama, ambayo ni ratili iliyovaa nguo nyingine. Waarabu walipeleka mizani Andalusia na waliipeleka Zanzibar, kila upande ukatamka kwa ulimi wake. Mimi arroba niliikariri mara moja tu.

Turudi kwenye kuchagua. Hoja ya kilo ni nyepesi kueleza: haina utata. Hoja ya quintal ni ya soko. Kahawa ya arabika bei yake ya dunia hutajwa New York kwa senti za dola kwa ratili ya Kimarekani. Bei ikiwa senti 200, basi ratili mia ni dola 200, hesabu aliyoweza kuifanya hata asiyemaliza darasa la nne. Mwenye kilo lazima azidishe kwa 2.2 na vijisehemu vyake. Mkulima wa Guatemala anasikia bei ya New York redioni na kwa pumzi moja anajua quintal yake inasimama wapi kabla ya makato. Kwa biashara ya kahawa huko, basi, nachagua quintal. Ila kwa masharti, maana ina mitego mitatu.

Wa kwanza ni libra yenyewe. Libra ya Castilla ni gramu 460, ratili ya Kimarekani ni gramu 453.6. Ndiyo maana quintal ya kahawa Guatemala huandikwa kilo 46, na ratili mia za New York ni kilo 45.36. Gramu 640 hazimuumizi mwenye gunia moja. Lakini kontena la futi 20 hubeba magunia 275 ya kilo 69, na kila gunia ni quintal moja na nusu, jumla quintal 412.5. Zidisha: ni kilo 264, zaidi ya quintal tano za kahawa safi zilizopotea kati ya libra na libra. Kwa hiyo mkataba useme "quintal ya kilo 46". Maneno matatu na namba moja.

Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unaonekana mdogo: quintal ya nini? Mchumaji anasema quintal na anamaanisha matunda mabivu, mekundu, yenye maji. Mwenye kinu anasema quintal na anamaanisha pergamino, kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kuanikwa, bado iko ndani ya gamba lake jembamba. Msafirishaji anasema quintal na anamaanisha oro, "dhahabu", buni iliyokobolewa tayari kwa meli. Quintal tano hivi za matunda zinatoa moja ya pergamino, na moja ya pergamino inatoa kama asilimia 80 ya oro. Kwa hesabu ya haraka, quintal moja ya oro imekula matunda quintal sita au zaidi. Mtu akikutajia bei nzuri ya quintal pasipo kusema ya nini, hiyo bei ni mdundo bila maneno. Muulize: ¿maduro, pergamino u oro?

Mtego wa tatu ni wa jirani. Usifikiri kwamba kila nchi ya kahawa ya Amerika ya Kati hupima matunda kwa uzito. Costa Rica hupima kwa ujazo. Mchumaji anajaza cajuela, sanduku la lita 20, na cajuela ishirini ni fanega moja, lita 400. Fanega hiyo inakadiriwa kutoa quintal moja ya kilo 46 ya kahawa safi, na malipo ya mkulima hutajwa kwa fanega. Robo ya cajuela inaitwa cuartillo, na ina wenyewe wanaoitetea vikali jioni ya kupima.

Lita 20! Mtu aliyekulia kwenye migomba na kahawa ya Kagera au Kilimanjaro akiona cajuela haoni kitu cha kigeni, anaona debe. Na anajua papo hapo kinachoweza kutokea: je, linasawazishwa au linafanywa kilima? Nani anapitisha mkono juu ya mdomo wake? Lumbesa yetu ilizaliwa hapo hapo, kwenye ujazo usiokuwa na mpaka wa juu.

Basi kipi bora kwa mchumaji, quintal ya mizani au cajuela ya sanduku? Nimelipima hili kwa muda, na sina jibu la upande mmoja. Mizani inamlipa aliyechuma matunda mazito, yaliyoiva sawasawa na yenye maji mengi. Lakini mizani ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeisoma. Mchumaji amesimama upande wa pili na gunia limefunika namba. Sanduku kila mtu analiona. Likiwa na alama ndani, hata mtoto anajua limejaa. Mvua ikinyesha usiku, mwenye mizani atalalamika kwamba analipia maji. Mwenye sanduku hana la kusema. Costa Rica imelipa sanduku nguvu zaidi kwa kutangaza mshahara wa chini wa kuchuma kwa cajuela, kwa hiyo mabishano ya bei yana sakafu. Kama ningekuwa mchumaji ningependa sanduku lenye chapa. Kama ningekuwa mnunuzi ningependa mizani. Mshauri atakayekuambia kimoja ni bora kwa wote wawili, mwulize analipwa na nani.

Kuhusu magunia, kumbuka tu kwamba gunia si kipimo. La Guatemala ni kilo 69, la Colombia 70, la kwetu Afrika Mashariki 60, na takwimu za dunia za kahawa hutumia la 60. Ukisoma "magunia milioni" kwenye habari, ni ya 60.

Na mavuno? Waguatemala husema quintal kwa manzana. Ili uyaone kwa kilo kwa hekta, zidisha kwa 65 na utakuwa karibu kabisa na ukweli. Quintal 20 kwa manzana ni tani 1.3 kwa hekta. Kwa lugha ya kwetu, magunia matano na kidogo ya kilo mia kwa ekari. Mtu wa Mbeya au Songea ataelewa mara moja kama mahindi hayo ni ya kujisifia.

Sokoni: libra tu

Hapa hakuna cha kuchagua. Nyanya, nyama, sukari ya kupima, jibini, vyote ni libra, nusu libra na onza, na onza ni 16 kwa libra moja. Ukiomba kilo utapewa, lakini muuzaji atasimama kuhesabu, na mteja anayemsimamisha muuzaji kuhesabu hajawahi kupata bei nzuri katika soko lolote ninalolijua. Sema "¿A cómo la libra, seño?", kwa libra ni bei gani, na "seño" ndilo neno la heshima la kumwitia mama wa sokoni. Kichwani jua tu kwamba libra ni chini kidogo ya nusu kilo. Vya pakiti ni habari nyingine: usisikilize jina, soma gramu zilizochapwa.

Uzito wa mwili nao ni libra. Mtu akisema ana 150, usimhurumie.

Kitambaa: vara, yadi au mita

Sketi ya mwanamke wa Kimaya, corte, ni kitambaa kirefu kinachozungushwa mwilini, na hununuliwa kwa vara. Vitambaa vya viwandani dukani hupimwa kwa yadi. Vara ni sentimita 83.6, yadi 91.4. Ukilinganisha bei ya maduka mawili uliza kwanza ni ipi kati ya hizo, kwa sababu kwenye vara nane tofauti inafika sentimita 62, na sentimita 62 za kitambaa kilichofumwa kwa mkono si fedha ndogo. Kwa corte ningebaki na vara: mfumaji anafuma kwa vara, anajua vara ngapi zinamtosha mwanamke wa umbo lipi, na ukimwagiza kwa mita utapata kitu kilichokadiriwa.

Mkono unapotumika badala ya fimbo, utajisikia nyumbani. Cuarta, robo ya vara, ni shibiri. Jeme, kidole gumba hadi cha shahada, ni futuri. Sijui mtoto gani wa pwani angehitaji kufundishwa hayo.

Mafuta na njia

Petroli ni galoni ya Kimarekani, lita 3.785. Umbali ni kilomita. Ukitaka kujua gari linakula kiasi gani utasikia kilomita kwa galoni, mchanganyiko ambao hakuna kitabu kingeubuni, na unafanya kazi vizuri. Gawa kwa 3.8 na uendelee na safari.

Kilichobaki ni legua. Ya vara 5,000 ni kilomita 4.18, ipo nyingine ya Kihispania inayofika kilomita 5.57. Mahakamani, kwenye hati za kale za miji ya Wahindi wekundu iliyopewa legua ya mraba ya ardhi ya pamoja, ni ile ya vara 5,000 inayotoa caballería karibu 39, na hiyo ipige kwa kikokotoo. Njiani milimani usipige chochote. Mzee akikuambia kijiji kiko legua mbili, anakuambia saa mbili za kutembea, miguu yake si yako. Ongeza nusu saa, na uulize kama kuna mto.